Jiwe Lisilo na Mwenyewe

Lori la saruji likishindwa kupanda mlima kati ya Tarime na Nyamongo, kazi ya kwanza si ya fundi, ni ya utingo. Dereva bado amekanyaga breki kwa nguvu zote, kijana ameshachupa chini na anakimbia kando ya barabara kutafuta jiwe zito la kukaza tairi la nyuma. Akilipata hulisukumia chini ya tairi, kisha hufuata la pili na la tatu. Mawe hayapatikani kwa taabu huku; nchi ya Wakurya ina mawe ya kila ukubwa. Lori likishatulia, yanakatwa matawi na kutupwa barabarani, mbele na nyuma ya gari, ili anayekuja ajue kwamba kuna jambo.

Hadi hapo kila kitu kimefanyika inavyopasa. Mawe yale yamezuia tani nyingi za saruji zisirudi nyuma na kuwakumba watu. Matawi yamewapa wengine taarifa. Ubaya huanza baadaye, fundi akishamaliza kazi, injini ikawaka na dereva akatia gia. Lori linajivuta mbele, mawe yanabaki pale pale yalipowekwa, katikati ya njia ya kushoto. Utingo amekwea. Wamepoteza nusu siku na mzigo unasubiriwa, kwa hiyo hakuna anayeshuka tena kuyatoa. Matawi nayo yanabaki, yananyauka, upepo unayasogeza hadi mtaroni. Giza linapoingia, onyo limeshaondoka na hatari imebaki.

Ukisafiri na barabara hii utayaona mawe ya namna hiyo, na utajua bila kuambiwa kwamba pale palilala lori. Tumeyazoea kiasi kwamba madereva huyakwepa huku wakiendelea na mazungumzo. Mazoea hayo ndiyo yaliyonifanya niandike, kwa sababu jiwe la barabarani linaua, na huua kwa njia nyingi kuliko tunavyodhani.

Chukua Kewanja, kijiji kilicho ubavuni mwa mgodi wa dhahabu wa North Mara, katika eneo ambalo watu wengi hulifahamu kwa jina la Nyamongo, wilayani Tarime. Mgodi ulianza uzalishaji mwaka 2002, na tangu wakati huo kijiji kimekuwa na sura ya mji: maduka ya vipuri, nyumba za wageni, makarasha ya kusaga mawe ya wachimbaji wadogo, vijiwe vya bodaboda kila kona. Barabara inayoulisha mji huo hutoka Tarime, ikapita Mogabiri na Nyamwaga, ikateremka kutoka nyanda za juu kuelekea bonde la Mto Mara, kisha ikavuka mto na kwenda Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Humo hupita malori ya mafuta na ya saruji, tipa za mchanga na kokoto, haisi za abiria, gari ndogo za abiria ziitwazo mchomoko, magari ya watalii wanaoelekea Hifadhi ya Serengeti, ng'ombe wanaopelekwa mnadani, na watoto wa shule asubuhi na jioni. Kila kimoja kina kitu cha kudondosha. Tipa iliyojazwa kupita kiasi humwaga kokoto kwenye kona. Lori la mirunda huacha mrunda mmoja. Bati lililofungwa kwa kamba ya katani hufunguka na kuruka. Tairi la lori lililokimbizwa likiwa na upepo mdogo hupata moto, gamba lake la juu likabanduka na kulala barabarani, jeusi juu ya lami nyeusi.

Kwa miaka mingi njia hii ilikuwa ya changarawe na mashimo, na watu waliililia lami. Ujenzi wa lami ulipoanza kuligeuza eneo la Mogabiri hadi Nyamongo, ilikuwa haki yao, na mimi ni mmoja wa walioifurahia. Mama mjamzito anayekimbizwa Nyamwaga au Tarime anastahili barabara isiyomrusha. Lakini lami haiyaondoi mawe, inaongeza mwendo, na mwendo ukiongezeka jiwe lile lile la jana linakuwa kitu kingine.

Tufanye hesabu. Gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa hukata mita 11 kila sekunde. Dereva aliye macho anahitaji kama sekunde moja na nusu kuona, kuamua na kukanyaga. Muda huo gari limeshakwenda mita 17. Breki zenyewe, kwenye lami kavu na matairi yakiwa mazima, zitachukua mita nyingine 9 hivi. Gari linasimama kabla ya mita 30. Sasa mwendo uwe 80. Mita 33 zitapita kabla mguu haujagusa breki, na nyingine 35 baada ya hapo, yaani karibu mita 70. Kwenye changarawe ni zaidi. Taa za chini za gari la kawaida huangaza mita 40 hadi 60 mbele, tena ziwe safi, zisifunikwe na vumbi la njia hii. Dereva anayekwenda 80 usiku kwa taa hizo, siku atakayoliona jiwe hatakuwa na nafasi ya kusimama. Ameshachelewa kabla halijatokea machoni pake. Jiwe halina taa wala halina kiakisi mwanga, na kama ni la huku, mara nyingi lina rangi ya barabara yenyewe.

Chini ya gari

Gari dogo linalobeba abiria vijijini mara nyingi huwa na uwazi wa kama sentimita 15 kati ya tumbo lake na ardhi. Hapo ni likiwa tupu. Likipakia watu wanane mahali pa watano, na gunia la mahindi kwenye buti, springi hulala na uwazi ule hupungua. Jiwe linaloweza kuzuia tairi la lori lisirudi nyuma haliwezi kuwa dogo: lina sentimita 20, pengine 30. Kwa hiyo ile desturi ya kulipitisha jiwe katikati ya magurudumu, ambayo dereva wa lori au Land Cruiser huifanya bila wasiwasi, kwa mchomoko ni kuliendea kwa tumbo.

Kinachokutana na jiwe mara nyingi ni sampo, lile bakuli la chuma chini ya injini linalotunza oili. Likipasuka, oili humwagika kimyakimya huku gari likiendelea kwenda vizuri. Kisha taa nyekundu yenye alama ya kopo la oili huwaka kwenye dashibodi. Hapa ndipo mtu hupoteza injini nzima kwa sababu ya ufa mdogo. Dereva huona bado kilomita chache afike gereji, abiria wanalalamika, anaamua kujikongoja. Injini isiyo na presha ya oili haijikongoji. Vyuma vinasuguana vikavu, na ndani ya dakika chache inaanza kunoki. Sampo huchomelewa au hununuliwa nyingine iliyotumika. Injini ni mtaji wa familia. Taa ile ikiwaka, zima gari papo hapo, hata kama ni katikati ya pori.

Sampo angalau hutoa taarifa. Bomba la breki likipigwa na jiwe au kipande cha chuma laweza kupinda tu leo, lianze kuvuja kesho, na dereva alijue kwenye mteremko wa kuelekea mtoni. Tairodi ikipinda, usukani huanza kuvuta upande mmoja na mtu husema barabara ndiyo imelala. Tanki la mafuta likitobolewa hakuna haja ya kueleza.

Na tairi. Watu hulitazama tairi upande wa kukanyagia, wakaona bado lina meno, wakaridhika. Sehemu dhaifu ni ubavu. Kwenye kukanyagia kuna mikanda ya nyuzi za chuma; ubavuni, kwa tairi la gari dogo, kuna nyuzi nyepesi na mpira mwembamba, kwa sababu ubavu unatakiwa upinde kila linapozunguka. Jiwe lenye makali likiubana ubavu dhidi ya rimu, nyuzi hukatika kwa ndani huku nje pakionekana pazima. Baada ya siku kadhaa hutokea uvimbe mdogo. Uvimbe huo maana yake ni kwamba upepo umebanwa na mpira peke yake, hakuna tena kitu kingine kinachoushika. Tairi la namna hiyo halizibwi, halipigwi kiraka, na halihamishwi nyuma ili limalizie maisha yake. Linatupwa.

Tairi likipasuka gari likiwa kwenye mwendo, Tanzania imeshaona matokeo yake. Jioni ya Juni 28, 2025, katika eneo la Sabasaba wilayani Same, Mkoa wa Kilimanjaro, tairi la basi lilipasuka, dereva akashindwa kulimudu, likagongana na basi dogo na moto ukalipuka. Taarifa ya Ikulu ilitaja vifo 38 na majeruhi 28, na idadi ya waliofariki iliongezeka baadaye. Ninaitaja ajali hiyo kwa sababu inaonyesha umbali uliopo kati ya tairi moja na makumi ya misiba. Anayepatwa na balaa hilo anashauriwa kushika usukani kwa mikono miwili, aondoe mguu kwenye mafuta polepole na aache gari lipungue lenyewe kabla ya kugusa breki, kwa sababu breki ya ghafla kwenye tairi lililokufa huligeuza gari. Ni rahisi kuandika. Kwa dereva aliyejaza abiria, akiwa kwenye mwendo mkubwa, muda wa kukumbuka hayo ni mfupi kuliko sentensi hii.

Kukwepa

Kuna jambo ambalo sisi abiria tunalikosea. Dereva akikwepa jiwe kwa ghafla tunamsifu kwamba ana macho. Mwaka 2016 taasisi ya utafiti wa usalama barabarani ya AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, ilitoa uchunguzi wa ajali zilizotokana na vitu vilivyo barabarani nchini humo. Kati ya mwaka 2011 na 2014 ajali hizo zilizidi 200,000, watu wapatao 39,000 walijeruhiwa na zaidi ya 500 walikufa. Karibu asilimia 37 ya vifo hivyo vilitokea pale dereva alipokuwa akikikwepa kitu. Hao hawakuuawa na kitu chenyewe, ila na uamuzi wa kukihama.

Na hiyo ni nchi yenye barabara kuu za njia nne na sita, zenye bega pana la lami pembeni. Barabara yetu ina njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, pembeni ni mtaro wenye kina, na kando ya mtaro kuna mama aliyebeba kuni. Ukikwepa kulia unakutana na haisi. Ukikwepa kushoto unakutana na mama. Usalama wa dereva umekaa katika zile sekunde kabla ya jiwe: mwendo mdogo, macho mbali, nafasi ya kutosha nyuma ya lori lililotangulia, maana ukilifuata lori mgongoni, jiwe ambalo dereva wake amelipitisha katikati litatokea chini yake likiwa tayari liko mbele ya bampa yako. Na kama hakuna nafasi tena, breki ikanyagwe kwa nguvu gari likiwa bado limenyooka, kisha iachiwe kidogo kabla ya kugonga. Gari linalofunga breki huinamisha pua. Likigonga jiwe katika hali hiyo, sampo na magurudumu ya mbele hubeba pigo lote. Breki ikiachiwa, pua huinuka na springi hupata nafasi ya kufanya kazi yake. Rimu itapinda. Watu watabaki wazima.

Dereva wa bodaboda hana hata uchaguzi huo. Kwa gari jiwe la sentimita 10 ni kishindo, kwa pikipiki ni mwisho wa safari. Gurudumu la mbele likipanda jiwe huku usukani umekata kona, mikono haiwezi kulishika. Kokoto zilizomwagwa na tipa kwenye lami ni hatari zaidi, maana hazitishi. Ni kama gololi chini ya kiatu, gurudumu linakosa cha kushika na pikipiki inalala na walioipanda. Na walioipanda mara nyingi ni watatu au wanne, kwa mtindo uitwao mishikaki, mama katikati na mtoto mbele juu ya tanki. Utafiti uliokusanywa na wanasayansi wa Cochrane kutoka nchi mbalimbali ulionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza vifo vya wapanda pikipiki kwa takriban asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Kewanja kofia hizo zipo, nyingi zimetundikwa kwenye usukani au kwenye kiwiko cha dereva, na abiria akipewa yake anaikataa kwa sababu imevaliwa na wengi. Ninaielewa sababu hiyo. Kitambaa chepesi cha kuvaa ndani ya kofia kingeimaliza.

Kuna uchafu mwingine ambao mtu wa gari haufahamu mpaka aupate: nyaya za matairi yaliyochomwa. Tairi likichomwa barabarani, kwa vurugu au kwa shangwe, mpira huisha na nyuzi za chuma hubaki, nyembamba kama sindano, zimetawanyika upana wote wa njia. Mvua haiziondoi. Anayeziba pancha kando ya barabara hukutana nazo kwa wiki nzima, na anayeumia zaidi ni mwenye pikipiki ya kukopa ambaye hesabu yake ya siku inaishia kwenye tyubu.

Mawe ya usiku

Siwezi kuandika kuhusu mawe ya barabara hii nikayanyamazia yale yanayowekwa kwa makusudi. Msafiri wa Mkoa wa Mara anayajua: mawe yaliyopangwa mstari usiku, au gogo lililolazwa, mahali pasipo na nyumba. Hayo ni ya majambazi. Yapo pia yanayowekwa na wananchi wenye hasira, mtu anapokuwa amegongwa na gari likakimbia, au inapotokea mvutano kati ya watu na mgodi. Historia ya Nyamongo ni nzito kwa hilo. Mei 16, 2011, watu wasiopungua watano waliuawa kwa risasi za polisi katika mgodi wa North Mara, siku kundi kubwa lilipoingia kutafuta mawe yenye dhahabu. Katika eneo lenye kumbukumbu kama hiyo, dereva akiona mawe mbele yake gizani hajui anaambiwa nini. Je, ni lori lililoharibika jana? Ni watu wenye msiba? Ni wenye mapanga?

Na hapo ndipo lile jiwe lililosahauliwa na utingo linapofanya madhara ya pili. Linamfanya dereva aogope kusimama. Dereva mwoga wa majambazi hapunguzi mwendo akiona jiwe, anaongeza. Atalipanda, atalikwepa kwa kasi, atafanya lolote isipokuwa kusimama na kushuka. Simlaumu. Laiti barabara ingekuwa safi kila jioni, jiwe moja likionekana usiku lingekuwa na maana moja tu, na dereva angejua la kufanya: kugeuza akiwa bado mbali na kurudi penye watu. Tunapoacha mawe ya kawaida barabarani tunawapa wahalifu mahali pa kuyaficha ya kwao.

Penye mwenye jiwe

Sasa vuka uzio, ingia mgodini. Katika migodi ya wazi, malori yanayobeba mawe ya dhahabu kutoka shimoni ni makubwa kuliko nyumba nyingi za Kewanja, na tairi moja la lori kama hilo hugharimu makumi ya mamilioni ya shilingi. Kwa hiyo utaratibu wa kawaida wa migodi hiyo, popote duniani, ni kwamba dereva akiona jiwe limedondoka njiani analitangaza kwenye redio ya upepo, wenzake wanalisikia, na mtambo unakuja kulisukuma kando. Greda hupita kwenye njia hizo mara kwa mara. Hakuna anayesema jiwe si lake, kwa sababu kazi ya kuliondoa imeshapewa mtu kabla halijadondoka.

Usafiri wa anga ulijifunza somo hilo kwa msiba. Julai 25, 2000, ndege ya Concorde ya Air France ilikuwa ikiruka kutoka uwanja wa Charles de Gaulle, Paris. Dakika chache kabla yake ndege nyingine, DC-10 ya Continental, iliruka na kuacha kwenye njia kipande cha chuma chenye urefu wa kama sentimita 43. Tairi la Concorde likakikanyaga, likapasuka, kipande kikubwa cha mpira kikapiga bawa penye tangi la mafuta, moto ukawaka. Watu wote 109 waliokuwa ndani walikufa, na wengine 4 chini. Kipande kile kingeweza kuokotwa na mtu mmoja kwa mkono mmoja.

Mgodini na uwanja wa ndege, kitu kilichodondoka njiani ni dharura. Nje ya uzio, umbali wa kutembea kwa miguu, jiwe lenye uzito ule ule linakaa wiki. Tofauti haiko kwenye jiwe wala kwenye thamani ya wanaopita. Kewanja watu wamehatarisha maisha yao kwa ajili ya jiwe lenye chembe ya dhahabu; jiwe la barabarani lisilo na chembe hiyo hakuna anayejua ni la nani.

Kwa karatasi mwenyewe yupo. Barabara za kitaifa na za mikoa ziko chini ya TANROADS, iliyoanza kazi mwaka 2000. Za wilaya na vijijini ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa 2017. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 hazimpi mtu yeyote ruhusa ya kuacha barabarani kitu cha kuwadhuru wengine. Lakini wakala wa barabara hana mtu wa kusimama kwenye kila mlima akingoja lori liharibike, na askari wa Mkoa wa Kipolisi Tarime/Rorya hawezi kulikamata lori ambalo limeshafika Mugumu. Wanaoliona jiwe likiachwa ni wale wanaoishi pale: mwenye duka, wachungaji, vijana wa kijiwe. Nao husubiri serikali, na serikali husubiri taarifa.

Mimi naona pa kuanzia ni kwa utingo, na dawa yake ni kipande cha mbao. Kabari mbili za mti mgumu, zilizochongwa pembe tatu, kila moja ikitobolewa na kufungwa kamba kwenye chasisi ya lori. Gari likiharibika zinawekwa chini ya tairi. Likiondoka, kamba inazifuata, hata utingo akisahau. Fundi seremala yeyote wa Nyamongo anaweza kuzichonga asubuhi moja. Askari wa usalama barabarani wanaosimamisha malori kukagua pembetatu za tahadhari na mtungi wa kuzimia moto wanaweza kuuliza na kabari katika pumzi hiyo hiyo. Pembetatu pia zitumike kweli, maana zipo nyingi zinazosafiri miaka mitano chini ya kiti bila kufunguliwa, huku kazi yao ikifanywa na tawi la mti lisilong'aa usiku.

Cha pili ni kijiji. Kewanja, Nyangoto, Kerende, Genkuru na Nyamwaga ni vijiji ambavyo vimekuwa vikipata mrabaha kutokana na mgodi. Fedha hizo zina madai mengi, shule na maji yakitangulia, na sidai zielekezwe kwenye lami. Ninachosema ni kwamba vijana wachache wenye fulana za kuakisi mwanga, sururu na toroli, wakipita kila jioni kipande kilicho ndani ya mipaka ya kijiji chao, hawagharimu hata sehemu ndogo ya tairi moja la mgodini. Na Wakurya wanayo ritongo, baraza lao la jadi, ambalo neno lake bado lina uzito pale penye wizi wa ng'ombe na ugomvi wa ardhi. Baraza hilo likisema kwamba mwenye lori aliyeacha mawe kwenye mlima wetu atarudi kuyatoa au hatashusha mzigo hapa, utingo atashuka. Kijana wa kijiwe naye akimwona ameanza kupanda atakuwa na nguvu ya kumwambia: mura (kijana), na mawe yako?

Hadi hayo yatakapofanyika, jiwe litakaa pale na wewe utalikuta. Kama ni mchana, na kama si kwenye kona wala karibu na kilele cha mlima ambapo wanaokuja nyuma hawakuoni, egesha nje kabisa ya lami, washa taa za tahadhari, na mtu mmoja asimame nyuma kuwapungia wenye magari. Subiri pande zote ziwe wazi kabla hujaingia barabarani. Kama jiwe ni zito, lisukume kwa mguu au kwa spana ya magurudumu, usiinamie ukiwa umeipa mgongo njia. Usilitupe mtaroni. Jiwe la mtaroni huziba kalavati, na mvua ya masika ikija maji yatapanda juu ya lami na kuleta tope, magogo na mawe mengine kumi.